Mafuta Yakimwagika Baharini Hayazoleki

Wasee, leo hakuna vichekesho. Leo niko na neno moja nataka tuligombanie: kusafisha.

Kila mafuta yakimwagika baharini, popote duniani, haipiti muda msemaji wa kampuni anasimama mbele ya kamera na kusema shughuli ya kusafisha imeanza. Sisi tunaoangalia tunapumua. Kichwani tunaona usafi wa nyumbani: umemwaga chai, unachukua kitambaa, unapanguza, imeisha hiyo. Nimekaa wiki mbili nikisoma ripoti za mafuta yaliyomwagika na nimetoka na msimamo mmoja. Mafuta yakishaingia baharini, binadamu hana uwezo wa kuyatoa. Anaweza kuokota kidogo, kuchoma kidogo, kuyafanya yasionekane, halafu angoje. Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki, na walikuwa wanaongea juu ya maji tu.

Kabla mniulize mimi ni nani wa kusema haya: niliacha chuo mwaka wa pili, sina digrii ya bahari wala ya kitu kingine. Lakini ripoti za serikali ya Marekani kuhusu hii stori ziko wazi, bure, kwa mtu yeyote mwenye bando. Na hesabu zilizo ndani ni za kujumlisha na kutoa.

Tuanze na kisa chenyewe. Tarehe 20 Aprili 2010, usiku, mtambo wa kuchimba mafuta ulioitwa Deepwater Horizon ulilipuka kwenye Ghuba ya Meksiko, kama kilomita 66 kutoka pwani ya jimbo la Louisiana. Wafanyakazi 11 walikufa na miili yao haikupatikana. Tarehe 22 mtambo ukazama, siku ile ile ambayo dunia inaadhimisha Siku ya Dunia. Kisima kilikuwa cha BP, mtambo ulikuwa wa Transocean, na simiti ya kukiziba ilikuwa kazi ya Halliburton. Baadaye, mbele ya wabunge, kila mmoja alimnyooshea mwenzake kidole.

Mdomo wa kisima ulikuwa mita 1,500 chini ya maji. Huko hakuna mzamiaji anafika, ni roboti tu. Kile kifaa kikubwa kilichowekwa juu ya kisima ili kukifunga wakati wa dharura hakikufunga. Wakashusha kuba la chuma lifunike palipokuwa panavuja. Gesi ikaganda ndani yake kama barafu, likashindwa kazi. Wakasukuma matope mazito ndani ya kisima, na pamoja nayo vipande vya matairi na mipira ya gofu. Si utani, mipira ya gofu. Ikashindikana. Mafuta yalitoka siku 87, mpaka 15 Julai walipofaulu kukifunga kwa kifuniko kipya.

Na yalikuwa mangapi? Mwanzoni watu waliambiwa mapipa 1,000 kwa siku. Siku chache baadaye ikawa 5,000. Halafu wabunge wa Marekani wakaibana BP itoe video ya kule chini, moja kwa moja kwenye intaneti, na wanasayansi wa nje wakaketi na ile video wakapima kasi ya mafuta yakitoka. Hesabu ya mwisho ya serikali: kati ya mapipa 53,000 na 62,000 kwa siku, jumla milioni 4.9. Korti nayo ilikuja na hesabu ndogo zaidi, kwamba yaliyoingia baharini ni mapipa milioni 3.19. Chukua hiyo ndogo ukitaka. Bado ni zaidi ya lita milioni 500. Na kumbuka bila ile video, pengine dunia ingeendelea kuambiwa ni mapipa 5,000.

Sasa tuingie kwenye kusafisha kwenyewe. Usidhani walilala. Wakati wa kilele kulikuwa na zaidi ya watu 45,000 kazini, pamoja na maelfu ya meli na mashua. Walitandaza maboya marefu ya kuzuia mafuta yasifike ufuoni. Walileta vyombo vya kuengua mafuta juu ya maji, kama vile mama anavyoengua malai kwa maziwa. Walikusanya mafuta mahali pamoja na kuyatia moto, mara 411. Hii ni nchi tajiri kuliko zote duniani, na kampuni kubwa kati ya zile kubwa, na dunia nzima inaangalia.

Matokeo? Serikali yao ilipiga hesabu ya mafuta yalikokwenda. Kati ya kila mapipa 100 yaliyotoka kisimani, 17 yalinaswa kwa bomba pale pale mdomoni kabla ya kuingia baharini. Matano yalichomwa. Matatu yalienguliwa.

Matatu. Yale maboya yote, zile meli zote, zile picha zote za watu wenye mavazi meupe, walichoengua majini ni mapipa matatu kwa mia. Ukijumlisha na ya kuchomwa unapata manane, na hayo ya kuchomwa yaligeuka kuwa moshi, hayakwenda mbinguni. Yaliyobaki yalivukizwa na jua, yakayeyuka majini, yakatawanyika, yakaingia kwa mchanga, kwa vinamasi na kwa sakafu ya bahari.

Na hapo kwa kutawanyika pana jambo. Walimwaga kemikali za kutawanya mafuta karibu lita milioni 7, nyingine kwa ndege juu ya maji, nyingine moja kwa moja kwenye mdomo wa kisima, kitu ambacho hakikuwa kimewahi kufanywa kwa kiwango hicho. Kazi ya hizo kemikali ni kuvunja mafuta yawe matone madogo sana. Kuna hoja nzuri ya kuzitumia: tone dogo halifiki ufuoni kama utando mzito, na vijidudu vya baharini hulila haraka zaidi. Naikubali hoja hiyo nusu. Lakini kuvunjavunja kitu si kukiondoa. Umekitoa juu, ambapo kamera inaona, ukakipeleka chini ambapo samaki wanaishi. Watafiti walikuta wingu la mafuta na gesi lenye urefu wa zaidi ya kilomita 35, zaidi ya mita 1,000 chini ya maji. Mwaka huo huo wakakuta matumbawe ya kina kirefu yamefunikwa uchafu wa kahawia na yanakufa, kilomita 11 kutoka kisimani. Hakuna kitambaa cha kupanguza huko.

Tuwe waungwana, aliyefanya kazi kubwa kuliko BP ni bahari yenyewe. Ghuba ya Meksiko ina maji ya joto na bakteria waliozoea kula mafuta, kwa sababu huko mafuta huvuja kidogo kidogo kutoka ardhini kila siku. Lakini tusimpe msemaji wa kampuni sifa ya kazi ya bakteria. Na pia bakteria hawakuwahi kila mahali. Kwenye vinamasi vya Louisiana, nyasi zilizopakwa mafuta zilikufa mpaka mizizi, na mizizi ndiyo iliyokuwa imeshika udongo. Kingo zikamomonyoka, na ardhi ikishaenda na maji hairudi. Mwaka 2012 kimbunga Isaac kilipopita, kilifukua mabonge ya mafuta yaliyokuwa yamezikwa kwa mchanga.

Wanyama sasa. Tathmini ya serikali iliyokamilika mwaka 2016 inakadiria kasa wachanga waliokufa ni kati ya 56,000 na 166,000. Ndege, angalau 51,000. Kwenye ghuba ndogo ya Barataria, watafiti waliwapima pomboo wakakuta mapafu yao ni magonjwa matupu. Kati ya pomboo 10 wenye mimba waliofuatiliwa hapo, wawili tu ndio walipata watoto walioishi. Makadirio ni kwamba kundi hilo litahitaji karibu miaka 40 kurudi lilivyokuwa. Mtu aliyezaliwa siku ya mlipuko atakuwa na kijukuu akipenda.

Kuna jambo moja waliofanya lilinigusa. Walifukua mayai ya kasa kama 28,000 kutoka fuo za Ghuba, moja moja kwa mkono, wakayasafirisha kwa lori hadi upande wa pili wa Florida, ili watoto wakitoka waingie bahari ambayo haina mafuta. Zaidi ya 14,000 walitoka na kuachiliwa. Ni kazi nzuri, heshima kwao. Lakini fikiria maana yake. Wataalamu wenyewe waliangalia ule ufuo wakaona njia salama ni kuwahamisha watoto wa kasa, si kungoja usafishwe.

Na binadamu? Serikali ilifunga uvuvi, na wakati wa kilele zaidi ya theluthi ya maji ya Ghuba yaliyo chini ya serikali kuu yalikuwa yamefungwa. Wavuvi wa kamba na chaza wakakaa na mashua zao. Wengi wakaajiriwa na BP kusafisha yale mafuta yaliyowaondolea kazi. Kisha taasisi ya afya ya serikali ikaanza kuwafuatilia wasafishaji karibu 33,000 kwa miaka, na kati ya yaliyojitokeza ni kwamba waliokuwa karibu zaidi na mafuta na moshi walipata zaidi shida za kupumua na za moyo. Kwa hiyo hata yale mapipa machache yaliyotolewa, kuna mtu aliyalipia kwa kifua chake.

Najua kuna msee atasema, "Lakini walilipa." Ndiyo, walilipa. BP ilikiri mashtaka ya jinai, yakiwemo ya vifo vya wale 11, na mwaka 2016 korti ikaidhinisha malipano ya dola bilioni 20.8. Ukijumlisha kila kitu, kisa hiki kimewagharimu zaidi ya dola bilioni 60. Ni pesa nyingi kuliko bajeti ya serikali yetu ya mwaka mzima. Lakini ili mvuvi mmoja mmoja alipwe, alitakiwa aonyeshe makaratasi: ulikuwa unapata kiasi gani kabla? Wavuvi wengi wadogo waliuza kwa pesa taslimu, bila risiti. Wengi walihangaika hapo. Shika hilo, tutalirudia.

Kilichonikasirisha kuliko vyote si mlipuko. Ni mpango. Sheria ilitaka BP iwe na mpango wa dharura kwa eneo hilo kabla ya kuchimba. Na ulikuwepo, mamia ya kurasa. Kati ya wanyama wa kulindwa katika Ghuba ya Meksiko, mpango ulitaja walrasi. Walrasi ni mnyama mkubwa wa pembe mbili ndefu mdomoni anayeishi kwenye barafu za kaskazini ya dunia. Ghuba ya Meksiko haina hata mmoja. Kwenye orodha ya wataalamu wa kupigiwa simu kulikuwa na profesa aliyekuwa ameshakufa miaka kadhaa. Yaani mtu alinakili mpango wa kwingine, akabandika, akapeleka, na ofisi ya serikali ikagonga muhuri. Hata chuoni, ukipeleka kazi ya namna hiyo, mwalimu anakurudishia. Hii ilipita.

Tume iliyoundwa na Rais Obama ilisema mwaka 2011 kwamba ajali hiyo ingezuilika. Simiti ilikuwa mbovu, kipimo cha presha usiku ule kilionyesha hatari na wakakisoma vibaya, na kazi ilikuwa imechelewa na kila siku ya kuchelewa ilikula pesa. Hapo ndipo bahari iliharibiwa. Ofisini, kwa makaratasi, kabla tone moja halijatoka.

Sasa kama unafikiria hiyo ni stori ya Wamarekani na visima vyao, njoo karibu na nyumbani. Tarehe 25 Julai 2020, meli ya mizigo inayoitwa Wakashio ilipanda mwamba wa matumbawe kisiwani Morisi, hapa hapa Bahari Hindi. Haikuwa hata meli ya kubeba mafuta. Ilikuwa tupu, na mafuta yaliyokuwemo ni ya injini zake. Ilikuwa imesogea karibu na nchi kavu, na kampuni iliyoikodi ikaeleza baadaye kwamba wahudumu walitaka kushika mtandao wa simu. Netiweki, wasee. Meli ya mita 300 ikaharibu ufuo kwa sababu ya netiweki.

Ilikaa juu ya mwamba siku 12 kabla ya kuanza kuvuja. Siku 12! Ilipovuja, karibu tani 1,000 zikaingia kwenye maji ya buluu karibu na hifadhi ya bahari na mikoko. Wananchi hawakungoja. Walishona maboya kwa vitambaa wakayajaza majani ya miwa na chupa za plastiki. Wengine walinyoa nywele zao zitumike kunyonya mafuta. Serikali ikawaambia waachie wakuu hiyo kazi, wao wakaendelea. Mwisho wa Agosti maelfu kwa maelfu wakajaa barabara za Port Louis kuuliza zile siku 12 zilikwenda wapi. Hilo ndilo swali lenyewe. Hawakuuliza kwa nini usafi ni wa polepole. Waliuliza mbona hamkufanya kitu mapema.

Na sisi je? Petroli na dizeli yetu inaingia kwa meli na kushushwa Kipevu, Mombasa, ndani ya mji wenye mikoko pande zote. Kusini yetu, bomba la EACOP la kilomita 1,443 linatoka Hoima, Uganda, na kuishia Chongoleani, Tanga, ambako mafuta ghafi yatapakiwa kwenye meli kubwa. Hayo mafuta yana nta nyingi kiasi kwamba bomba lenyewe lazima lipashwe joto ili yatiririke. Sasa uliza mvuvi yeyote wa Vanga au Shimoni mkondo wa pwani yetu unaelekea wapi. Unaelekea kaskazini, na wakati wa kusi unapanda kwa nguvu zaidi. Kitu kikimwagika Tanga, majirani wa kwanza kukiona ni Vanga, Wasini, Kisite. Halafu Gazi, ambapo akina mama na wazee wa kijiji wamelinda mikoko miaka yote hii na kuuza hewa ya ukaa kupitia Mikoko Pamoja, wakajiletea maji na vitabu vya shule. Mkoko unapumua kwa mizizi inayochomoza juu ya matope. Ukiipaka mafuta, umeufunika mti pua. Mafuta hayaonyeshi pasipoti Lunga Lunga.

Mtu ataniambia, "Wewe si unapanda matatu? Simu unachaji na nini?" Napanda, na sijasema meli zisimame kesho. Ninachosema ni kwamba tukubali mafuta yapite baharini tukijua ukweli: siku yakimwagika, tutakachozoa ni kidogo sana. Ukishajua hilo, unaacha kuuliza maswali ya baadaye na unaanza kuuliza ya sasa.

Ya kwangu ni matatu. Kwanza, mpango wa dharura wa pwani yetu, ambao ni jukumu la Mamlaka ya Bahari ya Kenya, uwe kitu ambacho BMU ya Vanga inakijua kama inavyojua kupwa na kujaa kwa maji. Kwa Kiswahili, na namba za simu za watu walio hai. Ufanyiwe mazoezi na Watanzania, kwa sababu mkondo ni mmoja.

Pili, meli ikikwama, nani ana mamlaka ya kuamua siku ya kwanza, na chombo cha kuivuta kiko wapi? Siku ya kwanza, nimesema. Siku ya 12 mmechelewa.

Tatu, na hii ni yetu sisi wenye simu: turekodi. Kuna mfuko wa kimataifa wa fidia kwa mafuta yanayomwagika kutoka kwa meli za mafuta, na Kenya ni mwanachama. Lakini mfuko hulipa hasara iliyothibitishwa. Mvuvi wetu anauza samaki ufuoni kwa pesa mkononi au M-Pesa, hana daftari. Siku akiulizwa ulikuwa unavua kilo ngapi, atajibu nini? Wale wa Louisiana wenye benki na mashua za injini walihangaika. Kama uko Msambweni, Gazi, Lamu, Kilifi, chukua simu yako. Piga picha mikoko ikiwa mizima, tarehe ionekane. Msaidie mjomba wako aandike kilo alizoleta kila jioni, hata kwa kijitabu cha shilingi ishirini. Ile video ya chini ya Ghuba ndiyo iliyowaumbua waliosema mapipa 5,000. Tofauti ni kwamba wao walianza kurekodi mafuta yakishatoka. Sisi bado tuna nafasi ya kuanza bahari ikiwa safi.

Watu wa Pwani, mnisaidie hapa: kuna yeyote wenu amewahi kuitwa kwenye baraza akaelezwa afanye nini mafuta yakimwagika? Niambieni ni lini na wapi. Na kama hakuna, semeni pia, tujue tunaanzia wapi.